Je, Anayemkana Mwenyezi Mungu Anamjua kwa Siri Moyoni Mwake?

Suala linalotazamwa hapa ni hili: mtu anayesema kwa ulimi wake kwamba hakuna Mungu, je, huwa anasema yaliyomo moyoni mwake, au huwa anaificha itikadi ambayo nafsi yake imekwisha kuikubali?

Suala hili ni la zamani, lakini limepata nguvu mpya kwa familia zilizotawanyika baina ya Maskati, Dubai, London na miji mingine. Kijana aliyelelewa katika nyumba ya sala hupelekwa Uingereza au Marekani kusoma. Huko hukutana na wanafunzi wasiokuwa na dini kabisa, na hukutana pia na Wakristo wenye bidii ya kuhubiri. Baadhi ya Wakristo hao humwambia kwamba hakuna mtu asiyeamini kweli kweli; wote wanamjua Mungu, ila wamezipenda dhambi zao. Kijana huifurahia kauli hiyo, kwani humwondolea mzigo wa kuyajibu maswali ya wale wasioamini. Akirudi likizo huikuta kauli ile ile barazani kwa wazee: "Wanajua hao, ni kiburi tu." Basi kauli ya wahubiri na kauli ya baraza hukutana, kila moja ikaipa nyingine nguvu, wala hapana anayeuliza kauli hiyo imetoka wapi, na kama Qur'ani inaikubali.

Asili yake kwa Wakristo ni Waraka wa Paulo kwa Warumi, mlango wa kwanza, kuanzia aya ya 18 mpaka ya 21. Hapo Paulo anadai kwamba mambo ya Mungu yamekwisha kudhihirishwa kwa watu kwa njia ya viumbe, na kwamba watu hao walimjua Mungu lakini hawakumtukuza, na kwa hiyo hawana udhuru. Karne nyingi baadaye John Calvin, Mfaransa aliyefanya kazi yake kubwa katika mji wa Geneva, aliijengea kauli hiyo msingi wa kifikra katika kitabu chake mashuhuri kilichotoka mara ya kwanza mwaka 1536 na kufikia sura yake ya mwisho mwaka 1559. Alisema kwamba kila mwanaadamu amepandwa ndani yake hisia ya Uungu isiyofutika. Na katika karne ya 20, Cornelius Van Til, aliyezaliwa Uholanzi mwaka 1895 na kusomesha miaka mingi katika chuo cha dini huko Philadelphia, Marekani, aliifikisha kauli hiyo mwisho wake: kwamba anayemkana Mungu hawezi hata kufikiri ila kwa kumtegemea Mungu huyo huyo anayemkana, na kwamba moyoni anamjua huku akiikandamiza elimu hiyo. Hoja nyingi za namna hii zisikikazo katika midahalo ya vyuoni zina mizizi yake hapo.

Uadilifu unataka isemwe kwamba si Wakristo wote wenye kauli hii. Kanisa Katoliki, katika mkutano wake mkuu wa Vatikani, lilitoa mwaka 1965 waraka unaokiri kwamba kumkana Mungu kuna sababu nyingi zilizo mbali mbali, na kwamba hata wenye kuamini wana sehemu yao ya lawama, pale wanapoifundisha imani vibaya au wanapokwenda mwenendo usiolingana nayo. Baina ya kauli hiyo na kauli ya Van Til pana bahari nzima.

Sasa, kauli inayodai kuyajua yaliyomo mioyoni mwa watu haina budi kupimwa kwa hali za watu wenyewe. Na katika mifano iliyohifadhiwa kwa maandishi, hakuna unaofundisha zaidi kuliko wa David Hume, mwanafalsafa wa Scotland. Siku ya Jumapili, tarehe 7 Julai 1776, James Boswell, aliyekuwa Mkristo mwenye khofu nyingi juu ya mauti, alimwendea Hume nyumbani kwake Edinburgh akimkuta amekonda kwa maradhi yaliyokuja kumuua tarehe 25 Agosti mwaka huo huo. Boswell alitaka kujua kama mtu huyu, aliyejulikana kwa kuzitilia shaka dini, angebaki na shaka yake hata mbele ya kaburi. Alimwuliza kama haimtishi fikira ya kutoweka moja kwa moja. Hume akamjibu kwamba haimtishi hata kidogo, kama ambavyo haimtishi fikira kwamba kabla ya kuzaliwa hakuwepo. Akaendelea kuzungumza kwa uchangamfu na kufanya mzaha. Aliyetoka nyumbani humo akiwa ametikisika ni Boswell, si mgonjwa.

Mwaka uliofuata, 1777, Boswell alimsimulia mambo hayo Samuel Johnson, mtunzi wa kamusi mashuhuri ya Kiingereza. Johnson hakukubali. Alisema kwamba Hume alijifanya mtulivu kwa kutaka kusifiwa, na kwamba ni jambo lililo karibu zaidi na akili kuwa mtu huyo alidanganya kuliko kuwa hakuogopa. Johnson hakuwepo chumbani. Boswell ndiye aliyekuwepo, na alikwenda akitamani kuiona khofu hiyo asiione. Lakini Johnson mwenyewe alijulikana kwa marafiki zake wote kuwa ni mtu aliyeyaogopa mauti khofu kubwa. Aliupima moyo wa mwenzake kwa kipimo cha moyo wake, kisha akaita matokeo yake ni elimu. Wala haisemwi hapa kwamba Hume alikuwa katika haki. Utulivu wa mtu si dalili ya usahihi wa itikadi yake, na wako walioyaendea maangamizo yao wakicheka. Linalosemwa ni kwamba Johnson hakuwa na dalili yo yote juu ya siri aliyoidai.

Na dalili inapokosekana, watu huitunga. Charles Darwin alikufa tarehe 19 Aprili 1882. Mwaka 1915, gazeti moja la Kikristo la Boston lilichapisha khabari za mwanamke aliyejulikana kwa jina la Lady Hope, aliyedai kwamba alimkuta Darwin kitandani akiisoma Biblia na kujutia nadharia yake. Khabari ikaenea hata leo haijaisha. Binti yake Darwin, Henrietta, alijibu mwaka 1922 kwamba yeye alikuwepo wakati baba yake akifa, na kwamba mwanamke huyo hakuwepo. Na Darwin alikwisha kuieleza hali yake mwenyewe katika barua ya mwaka 1879: kwamba hata katika mashaka yake makubwa hakupata kumkana Mungu moja kwa moja, na kwamba jina linalomfaa zaidi ni la mtu asiyejua. Maneno hayo yalikuwa yakisomeka. Yaliachwa, ikachukuliwa hadithi.

Husemwa pia, na msemo huu ulienea sana wakati wa Vita Vikuu vya Pili, kwamba ndani ya handaki la vita hakuna asiyeamini. Lakini askari aliyekabwa na khofu huenda akamwita hata mama yake aliyekufa zamani, na hakuna anayesema kwamba moyoni mwake anaitakidi kuwa mama huyo yu hai.

Upo na mfano wa upande wa pili. Antony Flew, mwanafalsafa wa Kiingereza, aliandika dhidi ya itikadi ya kuwepo kwa Mungu kwa zaidi ya miaka hamsini, kisha mwaka 2004, naye ni mzee wa miaka themanini na moja, ikatangazwa kwamba amekubali kuwepo Muumba, ingawa hakuingia katika dini yo yote. Mtu huyu alieleza kwamba zilizomgeuza ni dalili alizozitazama. Lau angekuwa amezungukwa na watu wanaomwambia tu "wewe unajua tangu zamani", dalili hizo asingeletewa.

Tukija katika Qur'ani Tukufu, msomaji huenda akasema: mbona aya zinaonekana kuiunga mkono kauli hii? Kweli, ziko aya zinazotajwa, na kila moja inataka kutazamwa mahali pake.

Iliyo dhahiri zaidi ni aya ya 14 ya Suratin Naml, inayoeleza kwamba Firauni na watu wake walizikanusha ishara za Mwenyezi Mungu hali ya kuwa nafsi zao zina yakini nazo, kwa dhulma na kujikweza. Hapa siri ya moyo imefichuliwa wazi wazi. Lakini ni mioyo ya nani, na ni nani aliyeifichua? Ni watu waliosimamiwa na Nabii Musa (A.S.), wakaoneshwa fimbo, mkono na ishara nyinginezo kwa macho yao, na aliyeifichua siri yao ni Yule aliyeiumba mioyo hiyo. Vile vile aya ya 33 ya Suratil An'am inamliwaza Mtume (S.A.W.) kwamba wanaomkanusha hawamwoni yeye kuwa mwongo, bali madhalimu hao wanazikataa aya za Mwenyezi Mungu. Hao nao walikuwa watu wake, wakimwita Mwaminifu kabla ya utume wake.

Ama aya ya wasafiri wa baharini, ambao mawimbi yakiwazunguka humwomba Mwenyezi Mungu kwa kumtakasia dini, na wakiokoka wakifika nchi kavu hurejea katika ushirikina (Suratil Ankabut, aya ya 65), hiyo hutajwa mno, kwani kila aliyesafiri katika jahazi anayajua mambo hayo. Lakini waliokusudiwa ni washirikina wa Makka, ambao Sura hiyo hiyo, katika aya ya 61, inaeleza kwamba wakiulizwa ni nani aliyeumba mbingu na ardhi watajibu kuwa ni Mwenyezi Mungu. Hawakuwa wakimkana, walikuwa wakimshirikisha. Dhoruba haikutoa katika vifua vyao itikadi iliyofichwa, bali iliwasahaulisha masanamu. Kuichukua aya hiyo na kumwekea mtu asiyeitakidi kuwepo Mungu wala masanamu ni kuiweka pasipo pake.

Ibaki fitra, yaani yale maumbile ambayo Mwenyezi Mungu amewaumbia watu (Suratir Rum, aya ya 30), na ahadi waliyoichukua wanaadamu (Suratil A'raf, aya ya 172). Wanavyuoni wamekhitalifiana katika ahadi hiyo, ama ni tukio lililotokea kama lilivyo, ama ni mfano wa jinsi akili ya mwanaadamu ilivyoumbwa kuelekea kwa Mola wake. Kwa kauli zote mbili, hakuna mtu anayekumbuka kuichukua ahadi hiyo. Fitra ni utayari wa kuipokea haki. Mbegu ina utayari wa kuwa mnazi, lakini aliyeshika mbegu mkononi hawezi kusema kwamba ameshika mnazi.

Kisha msomaji azitazame aya mbili ambazo wenye kauli hii hawazitaji. Katika aya ya 24 ya Suratil Jathiya wametajwa watu wanaosema kwamba hakuna ila uhai huu wa dunia, wanakufa na wanaishi, na hakiwaangamizi ila dahari, yaani kupita kwa zama. Hakuna katika Qur'ani watu walio karibu zaidi na wakanushaji wa leo kuliko hawa. Mwenyezi Mungu hakuwajibu kwamba wanasema uongo hali ya kuwa wanajua. Amewajibu kwamba hawana elimu ya jambo hilo, na kwamba wanadhani tu. Na katika Suratit Tur, aya ya 35 na ya 36, baada ya kuulizwa kama wameumbwa pasipo kitu cho chote au wao ndio waliojiumba, au wao ndio walioumba mbingu na ardhi, limemalizika suala kwa kuelezwa kwamba watu hao hawana yakini.

Hapa pana jambo la kuzingatiwa sana. Neno lililotumika juu ya watu wa Firauni, istayqanat-ha, na neno lililotumika katika Suratit Tur, la yuqinun, yote mawili yametokana na asili moja ya Kiarabu, nayo ni yakini. Firauni na watu wake wamethibitishiwa yakini, na hawa wameondolewa. Basi anayesema kwamba wakanushaji wote wana yakini iliyofichwa amewakusanya watu ambao Kitabu cha Mwenyezi Mungu kimewatenganisha kwa neno lile lile.

Wengine hushika njia ya lugha, wakasema kwamba neno kufuru kwa asili yake ni kufunika, na ndiyo maana katika aya ya 20 ya Suratil Hadid wakulima wameitwa kwa neno hilo, kwani huifunika mbegu ardhini. Basi kafiri ni mwenye kukifunika anachokijua. Hoja hii inapendeza masikioni. Lakini Waibadhi ndio wa mwanzo wasiopaswa kuikubali, kwa sababu wao hugawa kufuru mafungu mawili: kufuru ya ushirikina na kufuru ya neema. Huyu mwenye kufuru ya neema ni mtu anayempwekesha Mwenyezi Mungu waziwazi, anasali msikitini, kisha akaendelea katika dhambi kubwa bila ya kutubia. Itikadi yake haikufunikwa hata kidogo. Kilichofunikwa ni shukrani. Neno moja likiwa linawahusu yeye na anayemkana Mungu, haliwezi kuwa maana yake ni kuficha imani.

Na msingi mwingine wa madhehebu unalikata suala hili zaidi. Wanavyuoni wa Kiibadhi wametenganisha katika walaya na baraa, yaani kumpenda mtu na kujitenga naye kwa ajili ya dini, baina ya ile ya hakika na ile ya hukumu ya dhahiri. Ya hakika ni kwa wale ambao wahyi wenyewe umeeleza mwisho wao, kama Firauni na Abu Lahab kwa upande wa maangamizo. Waliobaki wote, jirani, mwalimu, mwanafunzi mwenzake kijana wetu, wanahukumiwa kwa dhahiri: kwa wanalolisema na wanalolitenda. Anayesema kwamba haamini huhukumiwa kwa kauli yake. Kumwambia "wewe unaamini kwa siri" ni kumhamisha kutoka katika fungu la dhahiri na kumtia katika fungu la hakika bila ya wahyi. Usama bin Zayd alimuua vitani mtu aliyekwisha kuitamka shahada, akidai kwamba aliitamka kwa kuogopa silaha. Mtume (S.A.W.) alimkemea vikali, akamwuliza kama aliupasua moyo wa mtu huyo akajua. Aliyekatazwa kuupasua moyo wa mwenye kutamka imani ameupata wapi wembe wa kuupasua moyo wa mwenye kuikana?

Hata lau siri hiyo ingekuwepo, isingemfaa mwenye nayo. Imani kwa Waibadhi ni kauli, itikadi na amali. Iblisi alimwita Mwenyezi Mungu kwa jina la Mola wake na akaapa kwa utukufu wake, na elimu hiyo haikumwokoa.

Lakini ipo pingamizi moja nzito, na huenda ndiyo inayowashikilisha watu kauli hii. Ikiwa mkanushaji hajui, vipi atalaumiwa? Paulo aliona kwamba lawama haipatikani ila kwa kuwathibitishia watu elimu. Jawabu la Qur'ani linapita njia nyingine. Katika Suratil Mulk, aya ya 10, watu wa Motoni wanayakiri makosa yao wenyewe, siku ambayo hakuna la kufichwa. Hawasemi kwamba walikuwa wakijua wakaficha. Wanasema kwamba lau wangekuwa wanasikiliza au wanatia akilini, wasingekuwa miongoni mwa watu wa Moto. Dhambi yao ni ya masikio yaliyozibwa na akili isiyotumiwa. Nahodha aliyekataa kuitazama dira hutolewa makosani kwa kutoitazama. Hakuna haja ya kuthibitisha kwamba kwa siri aliujua mwamba ulipo. Na ndiyo maana wanavyuoni wa madhehebu, akiwemo Imam Nuruddin Salimi aliyefariki mwaka 1914, walipozungumzia wajibu wa kumjua Muumba waliirejesha hoja kwenye akili na dalili, vitu ambavyo mtu anaweza kuoneshwa.

Na hapa ndipo kauli hii inapoingia ndani ya nyumba. Kijana anayerudi kutoka Leeds au Chicago na swali kifuani, akamwuliza baba yake vipi Mola mwenye rehema aache watoto wachanga wateseke, au vipi ijulikane kwamba wahyi si maneno ya watu, akajibiwa kwamba "haya unayajua, umeharibiwa na marafiki", kijana huyo hakujibiwa. Amefahamishwa tu kwamba kuuliza ni aibu. Mara ya pili hatouliza. Atasimama safuni siku ya Ijumaa, atafunga Ramadhani mbele ya mama yake, atasoma khitima pamoja na jamaa, na moyoni hamna kitu. Ndani ya nyumba ile ile inayosema kwamba makafiri wana imani ya siri, huwa kumekuzwa mtu mwenye ukafiri wa siri. Na huyo ndiye wazee wake wasiyemshuku, kwa kuwa dhahiri yake ni njema.

Nabii Ibrahim (A.S.) alimwomba Mola wake amwoneshe jinsi anavyofufua wafu. Akaulizwa kama haamini. Akajibu kwamba anaamini, lakini apate utulivu wa moyo, na akaoneshwa (Suratil Baqara, aya ya 260). Na imepokewa kwamba baadhi ya Masahaba walimwendea Mtume (S.A.W.) wakimshitakia kuwa yanawapitia nafsini mwao mambo ambayo wanaona ni makubwa mno kuyatamka. Hakuwatuhumu. Aliwaambia kwamba kule kuchukizwa kwao ni imani iliyo dhahiri.

Msomaji atasema: Nabii Musa (A.S.) alimwambia Firauni kwamba anajua. Ni kweli, na maneno hayo yamo katika aya ya 102 ya Suratil Israa. Lakini aya iliyotangulia inataja ishara tisa zilizo wazi, na msemaji ni Mtume anayepokea wahyi. Pia kisomo cha Al-Kisai, mmoja wa maimamu wa visomo saba, kinalisoma neno hilo kwa maana ya "mimi nimejua", si "wewe umejua". Na katika Surat Taha, pale mazungumzo yalipoanza, Musa na ndugu yake walikwisha kuamrishwa wamwambie maneno laini. Firauni akauliza: ni nani huyo Mola wenu? Musa hakumwambia kwamba anamjua. Alilichukua swali kama lilivyoulizwa, akamweleza kwamba ni Yule aliyekipa kila kitu umbo lake kisha akakiongoza, na Firauni alipouliza swali la pili, juu ya watu wa karne zilizopita, akamjibu na hilo.